Shughuli zetu zitangazwe kwa sauti, na mapema

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni kuhusu jinsi tunavyotangaza shughuli za watu wote huku mikoani. Nikisema shughuli za watu wote namaanisha matamasha ya ngoma na utamaduni, maonesho, kambi za madaktari za kupima bure, uchangiaji damu, michezo ya shule, mikutano ya mtaa, yaani vitu ambavyo hamna mtu mmoja anayeondoka na faida, ni vyetu sote. Mimi niko Tanga na kazi yangu ni kurekodi matangazo ya sauti, yale mnayoyasikia yakipita mtaani na gari au yakichezwa redioni, kwahiyo hili jambo naliona kwa karibu na kwa kweli linaniuma.

Shughuli inaandaliwa vizuri tu, mahema yanafungwa, madaktari wanatoka mbali, vikundi vya ngoma vinafanya mazoezi wiki na wiki, alafu siku yenyewe viti vitupu, mbele wamekaa viongozi na nyuma wanafunzi walioletwa na mwalimu wao kujaza nafasi. Jioni unakutana na jirani anakuuliza hivi leo pale uwanja wa Tangamano kulikuwa na nini, nimesikia ngoma. Mtu anakaa Ngamiani hapo hapo, ngoma anaisikia kwa masikio yake na hajui ni ya nini na kama anaruhusiwa kwenda! Ukiwauliza waandaaji wanakwambia tulitangaza bwana, tuliposti Instagram.

Sasa hiyo posti yenyewe ukiifungua utaona ni bango limejaa nembo za wafadhili, picha kubwa ya mgeni rasmi, kaulimbiu ya mistari mitatu ambayo hata aliyeiandika hawezi kuisema kwa pumzi moja, na chini kabisa kwa herufi ndogo ndo kuna tarehe na mahali. Saa ya kuanza wakati mwingine hamna, kiingilio hakisemwi, na limewekwa jana yake usiku. Bango kama lile limetengenezwa kwa ajili ya ofisi, ili bosi aone jina lake na mfadhili aone nembo yake, limsaidie nani huku mtaani? Mama anayekaanga samaki pale soko la samaki la Deep Sea mikono imejaa mafuta, simu yake ni kiswaswadu, hata angekuwa na simu janja bando lake la siku anaongea na watoto wake walioko mbali, hawezi kukaa anavuta picha aikuze asome herufi za chini. Na yeye ndiye mnayemtaka aje kupima presha.

Huyo mama anafikiwa kwa sauti. Wazee wetu walilijua hili, la mgambo likilia kuna jambo, mbiu ilipigwa na mtu mwenye sauti akapita anasema kuna nini, wapi, lini, na kijiji kizima kilijua mpaka aliyekuwa shambani. Redio ikaja ikaichukua ile kazi, wote tunakumbuka nyumba nzima inanyamaza ikifika saa ya matangazo ya vifo Redio Tanzania, kwa sababu pale ndo ulikuwa unajua nani amefariki na mazishi wapi. Sauti haihitaji mtu aache anachofanya, anasikiliza huku anakanda unga, huku anaendesha bodaboda, huku anachomelea geti.

Na siku hizi sauti ni rahisi kuliko wakati wowote. Voisi ya WhatsApp ya dakika moja haifiki hata nusu MB, wakati klipu ya video ya dakika hiyo hiyo inakula MB kadhaa, na mtu anayenunua bando la shilingi mia tano anajua vizuri sana hiyo tofauti. Kwahiyo tangazo lenu likiwa voisi fupi ya sekunde arobaini hivi linafunguka hata Lushoto kule milimani ambako mtandao unasuasua. Ila kuna kitu waandaaji wengi hawakijui, WhatsApp tangu Aprili 2020 ujumbe ukishasambazwa mara nyingi ule wenye mishale miwili unaruhusiwa kutumwa kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa wakati, huwezi tena kuurusha kwenye magrupu matano kwa mpigo. Maana yake ukitegemea voisi moja izunguke yenyewe itafika mahali inapunguza mwendo. Dawa yake ni kuwapa watu kumi tofauti file lenyewe, kila mmoja alipandishe upya kutoka kwenye simu yake, katibu wa vikoba, kiongozi wa kijiwe cha boda, mwalimu mkuu, katibu wa msikiti, katibu wa kwaya, mwenyekiti wa mtaa. Grupu moja linaweza kubeba watu 1,024, ukipata magrupu ya namna hiyo machache tu mji umeshajua.

Alafu niseme kuhusu maneno ya kwenye tangazo kwa sababu hapa ndo kwenye kazi yangu. Naletewa karatasi nirekodi, nusu ya karatasi ni majina na vyeo, ndugu fulani mkurugenzi mtendaji wa nanii kwa kushirikiana na nanii anayo furaha kubwa kuwatangazia wananchi wote, mpaka tufike kwenye jambo lenyewe gari limeshapita na aliyekuwa mlangoni amerudi ndani. Gari la matangazo linapita mbele ya nyumba kwa sekunde chache tu! Mtu aliyesikia kipande cha katikati naye anatakiwa aondoke na kitu. Ndo maana mimi huwa nawashauri tuanze na jambo, "kupima macho bure, Jumamosi, uwanja wa Tangamano, kuanzia saa mbili asubuhi", tulirudie hilo hilo, katikati tuweke maelezo mawili matatu, tumalizie na siku na mahali tena. Hayo majina ya wafadhili yatasomwa siku yenyewe na MC, hayamleti mtu.

Na mtu wa kawaida kabla hajatoka nyumbani kwake anajiuliza maswali ambayo waandaaji hawayajibu. Bei gani? Kama ni bure iseme bure, tena irudiwe, kwa sababu watu wetu wakiona mahema na walinzi wanajua ni ya kulipia au ni ya walioalikwa. Naweza kwenda na mtoto? Inaisha saa ngapi na nitarudije, hili kwa wanawake ni kubwa kuliko mnavyofikiri, tamasha linaisha saa sita usiku na daladala hamna, boda wa usiku wanataka bei mara mbili, dada anaona bora abaki nyumbani. Nimewahi kurekodi tangazo moja la usiku wa taarab ambalo waandaaji walikubali kuweka sentensi moja tu, kwamba kutakuwa na magari ya kurudi Pongwe na Maweni baada ya shughuli, na kina mama walijaa. Uhondo wa taarab walikuwa wanaujua tangu zamani, walichokuwa hawajui ni watarudi vipi.

Maneno ya usipange kukosa na si ya kuhadithiwa yapo kwenye kila tangazo kuanzia la mnada wa viatu mpaka la mkesha wa injili, yamechakaa, hayamwambii mtu chochote. Mwambie kitakachokuwepo. Atapiga ngoma nani, wa kijiji gani, wataalamu ni wa magonjwa gani, dawa zitatolewa au ni vipimo peke yake.

Sauti yenyewe pia iwe ya huku. Kuna tabia ya kutafuta mtu aigize watangazaji wa Dar, anaongea haraka kwa mbwembwe, chini biti inapiga kuliko maneno. Tanga watu wana Kiswahili chao kitamu, mweke mama wa makamo anayejulikana mtaani au mzee wa ngoma ya gombesugu aseme mwenyewe njooni Jumamosi mtanikuta, utaona tofauti. Na kurekodi hakuhitaji studio ya mamilioni, simu ya kawaida kwenye chumba chenye godoro, mapazia na nguo nyingi ili sauti isirudi, dirisha limefungwa, feni imezimwa, muziki ushushwe chini ya maneno. Mkishindwa hata hivyo redio zipo, kwenye mkoa wetu kuna Pangani FM ambayo ni redio ya jamii, watu wake wanaongea na wasikilizaji kila siku, nendeni mkae nao kipindi kizima badala ya kupeleka kipande cha sekunde thelathini.

Sisemi video haina kazi. Ina kazi yake, ila iwe video kweli, sio lile bango lenu limewekewa muziki likaitwa video. Piga kwa wima kwa sababu simu inashikwa wima, fupi, na maandishi makubwa ya tarehe na mahali yakae kwenye skrini tangu mwanzo mpaka mwisho maana wengi wanaangalia kwenye daladala bila sauti. Onyesha watu wa mazoezini, yule kijana anayepiga zumari, wale mabinti wa netiboli, wale wazee wa bao. Mtu akijiona kwenye klipu ataiweka stetasi yeye mwenyewe, mama yake ataiweka, shangazi yake aliyeko Muscat ataiweka, hamna hela ya kulipia tangazo inayofanya kazi kama hiyo. Picha ya mgeni rasmi akiwa na tai nani ataiweka stetasi?

Angalieni Simba na Yanga, kwenye hili la hamasa wametupita wote. Simba Day ipo tangu 2009, Yanga, yaani Wananchi, nao wana siku yao tangu 2019, na ule uwanja wa Mkapa unaochukua watu 60,000 wanaujaza kwa mechi ya kirafiki ambayo haina pointi hata moja. Wanafanyaje? Wanaanza wiki nyingi kabla, kila siku kuna kitu kipya kidogo, leo jezi, kesho msanii atakayetumbuiza, keshokutwa bei za tiketi na wapi zinapatikana. Mwaka 2023 Simba walipeleka jezi mpya mpaka kilele cha Kilimanjaro, ile klipu kila mtu aliiona hata sisi tusio Simba. Mwaka 2024 wakaja na Ubaya Ubwela, maneno mawili tu, watoto wa chekechea wanayasema. Lakini msidanganyike kwamba ni mitandao peke yake, wale wasemaji kina Ahmed Ally na Ali Kamwe wanashuka chini, wanaingia sokoni, wanaenda kwenye matawi, matarumbeta yanapigwa, watu wanapiga picha nao, na ndo hizo picha zinaingia mitandaoni jioni. Mtaa unalisha mtandao na mtandao unarudisha watu mtaani. Nyinyi mnaposti kutoka ofisini mnasubiri laiki.

Mtasema wale wana hela. Haya, chukueni Sauti za Busara kule Unguja, tamasha lililoanza 2004 na hela imewahi kuwaishia mpaka mwaka 2016 halikufanyika, likarudi 2017. Wenzetu wale kila Februari watu wanajua lipo Ngome Kongwe, majina ya wasanii yanatoka miezi kabla, klipu za mwaka uliopita zinatembea mwaka mzima, na Mtanzania kiingilio chake kinakuwa cha chini ili asijione ni la wageni. Alafu wanafungua kwa gwaride la mtaani, beni inapita mjini, ngoma zinapita, mwenye tiketi na asiye na tiketi wote wanaona, na gwaride lile lenyewe ni tangazo kubwa kuliko spika yoyote. Kwa nini Tanga shughuli ya Tangamano isianze kwa kikundi kutembea kutoka barabara ya kwanza mpaka uwanjani?

Na tarehe, jamani tarehe! Sabasaba na Nanenane hamna anayeuliza lini, tarehe yenyewe ndo tangazo. Mwaka Kogwa kule Makunduchi watu wanajua ni Julai. Sisi tamasha mwaka huu Juni, mwakani Oktoba, mwaka wa tatu limeahirishwa siku mbili kabla kwa sababu mgeni rasmi amepata safari na tangazo la kuahirisha halikupita na gari, watu wa Muheza wakapanda basi kwa nauli yao wakakuta uwanja mtupu. Hao mwakani mkiwaita hawaji, na wana haki. Vilevile mkitaja msanii hakikisheni ameshasaini, kuweka picha ya staa ambaye hamjamlipa hata advansi ni uongo na unaua shughuli za wenzenu wote watakaokuja baada yenu.

Kuna mambo mengine ambayo lazima tuwe nayo makini. Gari la matangazo likikaribia hospitali, shule yenye mitihani, nyumba yenye msiba au wakati wa adhana na ibada, spika ishushwe au izimwe kabisa, kanuni za kelele zipo tangu 2015 na NEMC, wale wasimamizi wa mazingira, wana haki ya kukuchukulia hatua, lakini hata bila sheria ni adabu tu. Kwenye kambi za afya nimeona watu wanapigwa video wakiwa wanapimwa, mama kafunuliwa mkono au mzee anaambiwa majibu yake na kamera iko puani, kesho yupo Facebook ili taasisi ionekane imefanya kazi. Hii sio sawa kabisa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo ugonjwa wa mtu ni siri yake. Mtu akijua akienda kupima atarushwa mtandaoni haendi tena, na atawaambia na wenzake. Pigeni picha foleni kwa mbali, pigeni madaktari, anayetaka kuongea mwenyewe kwa hiyari aulizwe kwanza. Watoto waombewe ruhusa kwa wazazi. Na nyimbo za mastaa msiweke hovyo kwenye klipu, mtandao unazima sauti au unaitoa kabisa siku mnayoihitaji, wakati vikundi vya hapa hapa vina nyimbo nzuri na vitafurahi mkiviomba na kuvitaja jina.

Msitegemee pia sehemu moja. Mei 2025 mtandao wa X uliacha kufunguka hapa nchini kwa njia ya kawaida, waliokuwa wameweka kila kitu kule wakabaki wanahangaika. Ukurasa wa Facebook unaweza kuibiwa wiki ya shughuli. Mwenye redio, gari, magrupu, stetasi na mbao za matangazo za serikali za mitaa hawezi kuzimwa kwa siku moja. Alafu kwenye hizo kurasa wekeni mtu wa kujibu! Unakuta raia ameuliza chini ya posti "kiingilio bei gani" na mwingine "ni mpaka wenye bima?", wiki nzima hamna aliyejibu, na shughuli imepita.

Jambo ambalo linaumiza zaidi vijana wenzangu wa kazi hii ni malipo. Bajeti ina maji, ina fulana, ina posho za vikao, ina chakula cha wageni, ikifika kwenye tangazo kijana anaambiwa rekodi bure utajulikana. Kijana wa kamera anashinda juani kutwa nzima, anaediti usiku, analipwa soda. Niliwahi kufanyia taasisi moja matangazo ya wiki nzima nikaambiwa ni kujitolea kwa jamii, wakati waliokuja kufungua pazia wamesaini posho mbele yangu. Watu wakikosa kuja hiyo fedha yote ya mahema na chakula imepotea, kwahiyo tangazo liingie kwenye bajeti tangu kikao cha kwanza, sio lile linalokumbukwa pesa zikibaki.

Na shughuli ikishaisha kazi haijaisha. Rekodini sauti na picha za siku yenyewe vizuri, zihifadhiwe sehemu mbili, ziandikwe tarehe na majina ya vikundi, vikundi vyenyewe vipewe nakala yao. Kuna wazee huku Tanga wa ngoma na mashairi ambao tumewasikia kwenye matamasha na sasa hawapo tena, na hatuna hata dakika moja ya sauti zao kwa sababu aliyepiga alikuwa na simu, simu ikaibiwa. Ile rekodi ingekuwa ndo tangazo la mwaka unaofuata na ingekuwa kumbukumbu ya wajukuu zao.

Ninachoomba kwa maafisa utamaduni na maafisa habari wa halmashauri ni kitu kinachowezekana wiki hii hii, kalenda moja ya shughuli za mwaka mzima isomwe kwa sauti, itumwe kwenye magrupu ya mitaa yote na ichezwe redioni kila Ijumaa. Kwa maelezo tu, kurekodi kalenda kama hiyo hapa kwetu ni kazi ya asubuhi moja na niko tayari kuifanya. Na wewe mhariri nakuomba utupe robo ukurasa kila Alhamisi, shughuli za wikiendi kwa kila mkoa, jambo gani, wapi, saa ngapi, bei gani. Watangazaji wa redio za mikoani husoma magazeti hewani kila asubuhi, mkiiandika watatusomea, na yule mama wa Deep Sea ataisikia.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga